Malaika wa Blythburgh na daftari la wazee wa kanisa

SWALI: Mimi ni muuguzi, naishi Ipswich mwaka wa tatu sasa, kwetu ni Muheza. Mwezi uliopita wenzangu wa kazini walinichukua twende kusali kijiji kinachoitwa Blythburgh. Kanisa ni kubwa ajabu, malaika wa mbao wamepangwa darini na mabawa yao wazi, lakini waumini hatukufika thelathini. Mzee mmoja alinionyesha mlango wenye alama nyeusi, akasema ni kucha za mbwa wa shetani. Akanionyesha na matundu kwenye malaika, akasema askari wa Cromwell waliwapiga risasi. Hayo ni kweli? Kwa nini kijiji kidogo vile kilijenga kanisa la ukubwa ule? Mwenzangu Mkatoliki anasema lilikuwa lao, sisi tuliwanyang'anya, nimjibu nini? Matengenezo analipa nani, serikali? Na la mwisho: mimi Mwanglikana wa Dayosisi ya Tanga, huku ni mgeni au mwenyeji?

JIBU: Dada yangu, mzee yule usimlaumu. Hadithi zote mbili ni za zamani kuliko yeye, na zimesimuliwa mahali pale mpaka zimekuwa kama sehemu ya jengo. Ila zote mbili zina kasoro, na kasoro zake zinafundisha kuliko hadithi zenyewe. Kwa hiyo nitaanza na risasi na mbwa, ukubwa wa kanisa nije nao baadaye.

Mwishoni mwa mwaka 1643 Uingereza ilikuwa katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Bunge upande mmoja (Cromwell alikuwa kamanda wa upande huu) na Mfalme Charles I upande wa pili. Ndipo mtu mmoja, William Dowsing, akaanza kuzunguka makanisa ya Cambridgeshire na Suffolk, mkoa wenu wa sasa. Usimwone akilini kama askari anayeingia na farasi. Alikuwa mtu wa Suffolk hapo hapo, mzaliwa wa Laxfield, Mpuritani, yaani Mprotestanti mkali aliyeshika dini, na mkononi alikuwa na hati kutoka kwa Earl wa Manchester, jemadari wa Bunge, ya kuondoa picha, misalaba na sanamu zilizoonekana kuwa za ushirikina. Alipita makanisa zaidi ya 200, na kila alikofika aliandika kwenye shajara yake alichokuta na alichofanya. Nakala za shajara hiyo zipo mpaka leo, ndiyo maana tunaweza kubishana naye.

Blythburgh alifika tarehe 9 Aprili 1644. Aliandika picha 20 za ushirikina. Misalaba miwili, mmoja juu ya ukumbi wa mlangoni na mwingine juu ya mnara. Maandishi matatu ya kuwaombea wafu, ambayo aliyavunja. Malaika 20 wa kushushwa. Na picha nyingine zaidi ya 200 ziondolewe ndani ya siku nane.

Soma polepole hapo. Maandishi ya kuwaombea wafu, yaliyokuwa karibu na mkono, aliyavunja. Malaika waliokuwa juu, aliacha agizo. Kisha akapanda farasi wake akaenda kanisa linalofuata. Waliobaki na agizo ni wazee wa kanisa, na wazee wa kanisa walijua kwamba malaika yule yuko juu kama kilele cha mnazi, na kumfikia kunataka jukwaa, mafundi na fedha. Shajara haitaji bunduki hata mara moja. Malaika wengine walitoweka, kwa agizo hilo au kwa kuoza, lakini wengi unaowaona leo ni wale wale aliowahesabu Dowsing.

Basi risasi zilitoka wapi? Jibu liko kwenye kitabu kisichosomwa na watu wengi, daftari la mahesabu la wazee wa kanisa. Katika karne ya 18, miaka zaidi ya mia baada ya Dowsing kuondoka, mmeandikwa malipo ya baruti na risasi za kuwaulia kunguru. Ni wale kunguru wadogo wa huku wapendao kujenga viota darini na minarani. Waliingia kanisani wakachafua mabenchi, mtu akapewa bunduki na senti zake, akapiga kuelekea juu. Malaika walikuwa njiani. Paa lilipokarabatiwa miaka ya 1970, chembe za risasi zilitolewa kwenye mbawa, zikaonekana ni za karne hiyo ya 18. Kiswahili kina neno moja, risasi, kwa kile kinachotoka kwenye bunduki na kwa madini yanayoezekea mapaa ya makanisa kama haya. Kwa hiyo tunaweza kusema paa lile lilitobolewa kwa kitu kile kile kinachoezeka makanisa.

Sasa mlango. Jumapili ya tarehe 4 Agosti 1577 watu wakiwa ibadani, dhoruba iliipiga pwani hii. Radi iliangukia mnara wa Blythburgh, na ncha ndefu iliyokuwa imesimama juu ya mnara ikaporomoka na kupasua paa. Watu walikufa. Taarifa moja ya wakati ule inasema mwanamume na mvulana, nyingine inasema wanaume wawili na mvulana. Siku hiyo hiyo dhoruba ilipiga kanisa la Bungay, mji ulio kilomita 20 hivi kutoka hapo. Mwaka huo huo mwandishi wa London, Abraham Fleming, alichapisha kijitabu kilichosema kwamba ndani ya kanisa la Bungay alionekana mbwa mweusi katikati ya miali ya radi, akapita kati ya waumini na kuwavunja shingo, kisha akaenda kufanya vivyo hivyo Blythburgh. Fleming alikuwa London. Huko Bungay kumbukumbu za kanisa lenyewe zimeandika majina ya watu wawili waliouawa na tufani wakiwa kwenye chumba cha kengele wakati wa sala. Zinataja tufani, hazitaji mbwa.

Mbwa mweusi wa usiku ni hadithi ya kale ya pwani hii, wenyeji humwita Black Shuck, kama sisi tulivyo na popobawa wetu. Alama za mlangoni ni mahali mbao zilipoungua, hilo halina ubishi. Ila mimi nimeona alama za namna ile kwenye milango na boriti nyingi za zamani huku, kwenye nyumba ambazo mbwa huyo hakuwahi kufika. Watu wa kale walikuwa wakishika mshumaa karibu na mbao mpaka ziungue kidogo, na watafiti wengi wanadhani walifanya hivyo kama kinga, ili moto uliokwisha kupita usirudi. Kama ndivyo ilivyokuwa Blythburgh, mambo yamegeuka: alama iliyowekwa kuwa kinga ndiyo leo inaitwa kucha za mbwa wa shetani.

Ukubwa wa kanisa sasa. Ukilitazama kanisa lile ukitokea barabara kuu, limesimama juu ya mabwawa ya mto Blyth kama meli iliyoachwa na maji kupwa. Wenyeji huliita kanisa kuu la mabwawa, ingawa kanisa kuu siyo, halina kiti cha askofu. Swali lako, kijiji kidogo vile na kanisa kubwa vile, linachukulia kwamba kanisa hujengwa kwa idadi ya makalio. Kanisa la karne ya 15 halikujengwa hivyo.

Kwanza kijiji chenyewe hakikuwa kijiji. Palikuwa na bandari ya mto, soko, na sifa ya kale. Hadithi yasema Anna, mfalme wa Angles wa Mashariki (mwanamume, jina lisikuchanganye), alizikwa hapo baada ya kuuawa vitani katikati ya karne ya 7. Sensa ya ardhi ya mwaka 1086 inalitaja kanisa la Blythburgh. Katika karne ya 12 watawa wa Kiaugustino waliweka nyumba yao ndogo jirani na kanisa la parokia. Kisha ikaja biashara: sufu na vitambaa kutoka mashamba ya Suffolk, na samaki aina ya heringi kutoka Bahari ya Kaskazini. Mnara wenyewe ni wa zamani kidogo, wa karne ya 14. Kibali cha kujenga upya kanisa kilitolewa mwaka 1412, na kazi ikaendelea karne nzima.

Pili, na hili ndilo kubwa, fedha zile zilitoka kwa watu waliokuwa wanakufa. Mkristo wa karne ya 15 aliamini kwamba baada ya kifo roho yake itapitia toharani, na kwamba sala za walio hai humfupishia muda huko. Tajiri akiandika wosia, huyu ataacha fedha kwa ajili ya dirisha, yule kwa ajili ya paa, mwingine kwa madhabahu ya pembeni ambako padri atataja jina lake. Jirani yake akiona, naye hataki kupitwa. John Hopton, bwana wa ardhi ya Blythburgh wakati huo, kaburi lake bado lipo karibu na madhabahu, ukilipita unaweza kuweka mkono. Ukitoka nje ukasimama upande wa mashariki, chini ya dirisha kubwa utaona herufi zenye taji zilizochongwa, za kuutukuza Utatu Mtakatifu. Kuta zenyewe ni za jiwe la gumegume, kwa sababu Suffolk haina jiwe zuri la kujengea. Gumegume linaokotwa shambani na ufukweni, linapasuliwa, upande wake mweusi unaong'aa unaelekezwa nje.

Nafasi ile yote pale chini haikuwa ya kukaa. Ilikuwa ya maandamano ya sikukuu, ya madhabahu ndogo ndogo, ya kupiga magoti na kutembea. Kwa hiyo mlipokaa ishirini na kitu Jumapili ile mkaona kanisa ni tupu, mlikuwa mnalipima kwa kipimo ambacho wajenzi hawakukitumia.

Ila watu wa kawaida nao walichongewa mahali pao. Ulitazama vichwa vya mabenchi? Wengi hutazama juu tu. Kuna mvivu ameketi kitandani. Kuna bahili amekalia sanduku lake la fedha. Kuna mlafi ameshika tumbo. Kuna msengenyaji ametoa ulimi nje. Na kuna mnafiki, huyu nampenda kuliko wote, amekunja mikono anasali na macho yake yako wazi, anaangalia nani amefika. Mchongaji huenda alikuwa mtu wa kijiji, na pengine kila kinyago kilikuwa na jina la mtu pembeni yake ambalo lilinong'onwa tu.

Kuhusu mwenzako Mkatoliki: mwambie ana haki nusu. Ibada ya kwanza chini ya malaika wale ilikuwa misa ya Kilatini, na hakuna mtu aliyejua neno Anglikana. Mwaka 1534 Bunge lilimtangaza Henry VIII kuwa mkuu wa Kanisa la Uingereza. Nyumba ya watawa ya Blythburgh ilifungwa 1537 na ardhi yake ikaenda kwa matajiri. Hapo neno kunyang'anya halina ubishi. Lakini kanisa la parokia halikuhama mikono. Mipaka ya parokia ilibaki, wazee wa kanisa walibaki, makaburi yalibaki, na mara nyingi padri aliyesoma misa Jumapili moja ndiye aliyesoma sala kwa Kiingereza mwaka 1549 kilipotoka Kitabu cha Sala cha kwanza. Malkia Mary, Mkatoliki, alipotawala mwaka 1553 misa ikarudi. Malkia Elizabeth wa Kwanza alipokuja, mwaka 1559 Kitabu cha Sala kikarudi tena. Fikiria mkulima wa hapo aliyezaliwa mwaka 1520 akafa na miaka sitini. Dini ilibadilishwa juu ya kichwa chake mara nne bila yeye kuhama benchi. Ukimuuliza alinyang'anywa kanisa au alipewa, sijui angekujibu nini, lakini angekuambia kwamba yeye ndiye aliyelitengeneza paa kila mara.

Baada ya hapo palianguka umaskini. Watawa hawakuwepo tena. Mto ulijaa matope, meli zikawa kubwa, biashara ikahamia bandari nyingine. Kijiji kikabaki na kanisa ambalo hakiwezi kulitunza. Madirisha mengine yalizibwa kwa matofali kwa kuwa tofali ni rahisi kuliko kioo. Mtoto wa Kiholanzi alichonga jina lake na mwaka 1665 kwenye mbao za mahali pa wanakwaya. Baba yake, inasemekana, alikuja kwa kazi ya kukausha mabwawa, na watoto walisomea humo kanisani. Mwaka 1682 waliweka mtu wa mbao mwenye shoka wa kugonga kengele. Kufika karne ya 19 hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba, wanasimulia, waumini walikaa ibadani na miavuli. Mwaka 1881 askofu wa Norwich, maana sehemu hii ya Suffolk ilikuwa chini ya dayosisi yake wakati huo, alilifunga kuwa ni la hatari.

Na hapa nitasema jambo ambalo wenzangu wa taaluma wengine hawalipendi: umaskini huo ndio uliotuwekea Blythburgh. Wakati wa Malkia Victoria, parokia zenye fedha kote Uingereza zilikarabati makanisa yao kwa hamu kubwa. Zilikwangua plasta ya kale, zikatupa mabenchi, zikapaka rangi mpya, zikaweka vioo vya rangi kali kutoka kiwandani. Blythburgh haikuwa na fedha. Ilipoanza kuzitafuta, William Morris na wenzake wa jumuiya ya kulinda majengo ya kale, waliyoianzisha mwaka 1877, walikuwa wameshaanza kupiga kelele kwamba jengo la kale litengenezwe lisianguke, basi, lisifanywe jipya. Mabishano yakawa marefu. Kanisa likafunguliwa tena mwaka 1884 likiwa limeshikizwa, halijapambwa. Ndiyo maana ukiangalia boriti za dari leo unaona rangi ya miaka ya 1400 yenyewe, imefifia, maua mekundu na ya kijani juu ya nyeupe, na herufi za jina la Yesu. Hakuna aliyekuwa na senti ya kuipaka upya.

Swali la nani analipa huwashangaza wengi. Kanisa la Uingereza ni kanisa la dola, Mfalme ndiye mkuu wake, maaskofu wengine wanakaa bungeni, na bado serikali hailipi mshahara wa kasisi wala hailitunzi kanisa la kijiji. Zamani kila mwenye nyumba alilazimika kulipa kodi ya kanisa, hata asiyesali humo. Lazima hiyo iliondolewa mwaka 1868. Fungu la kumi la mazao lililowalisha makasisi lilibadilishwa kuwa malipo ya fedha mwaka 1836 na baadaye likafutwa. Leo mwenye mzigo wa matengenezo ni halmashauri ya parokia, yaani wale wale ishirini na kitu uliokaa nao. Wanapata wapi? Sadaka, urithi ulioachwa katika wosia (unaona, tumerudi kule kule kwa John Hopton, ila sasa bila toharani), ruzuku za kuomba kwa fomu ndefu, na wageni wanaotia sarafu kwenye kisanduku. Kila Septemba watu wa Suffolk huzunguka kwa baiskeli kutoka kanisa hadi kanisa kuchangisha fedha za makanisa ya zamani. Mkoa huo una makanisa ya enzi za kati kama 500, kwa hiyo usiogope kukosa pa kwenda.

Na kutengeneza kwenyewe si kuamua asubuhi na kupanda ngazi jioni. Ukiacha matengenezo madogo madogo, kubadilisha kanisa la parokia kunataka kibali cha dayosisi, na dayosisi ina mahakama yake yenye jaji wa kanisa anayetoa vibali hivyo. Nimekaa kwenye kikao cha parokia moja, siitaji, tukijadili kwa saa mbili rangi ya bomba la mvua. Popo nao wanalindwa na sheria; wakijenga makazi darini huwezi kuwafukuza, utafunika madhabahu kwa plastiki siku za juma na kufunua Jumapili asubuhi. Halafu kuna wezi. Risasi ya paa ina bei kwa wauza vyuma chakavu, na kuna parokia ambazo zimeamka Jumatatu zikakuta anga. Nikikumbuka wale waliolipwa kupiga kunguru, naona kazi ya mzee wa kanisa haijabadilika sana: paa, ndege, fedha.

Kasisi wa pale si wa pale peke yake. Vijiji hivi hugawana kasisi, ndiyo maana ukisoma ratiba utaona Jumapili hii Ushirika Mtakatifu uko huku, ijayo uko kijiji cha pili. Siku za juma kanisa liko wazi, mtu yeyote anaingia. Kuna ndoa, mazishi, ibada ya mavuno. Na kuna muziki. Mwaka 1969, usiku wa kwanza wa tamasha la Aldeburgh, ukumbi wa Snape uliungua, na Benjamin Britten, mtunzi aliyelianzisha tamasha lile, akahamishia maonyesho mengine Blythburgh. Opera ya Mozart iliimbwa pale chini ya malaika. Watu wanajua kwamba dari lile la mbao linaisaidia sauti. Matamasha yameendelea, na wengi wanaokuja kwa muziki hawasali. Wanakwaya wa Muheza wangepajaza kwa nyimbo mbili.

Kuhusu kuwa mgeni au mwenyeji, kwanza nikukumbushe kitu cha kwenu. Askofu Tozer, aliyeipeleka Unguja mwaka 1864 misheni ya Kianglikana ya Vyuo Vikuu (UMCA), alitoka kuwa kasisi wa Burgh le Marsh huko Lincolnshire. Rafiki yake Edward Steere, aliyetafsiri Agano Jipya kwa Kiswahili, aliyejenga kanisa la Mkunazini pale palipokuwa soko la watumwa na kuzikwa ndani yake mwaka 1882, alitoka kuwa kasisi wa Little Steeping, kijiji cha jirani. Yote mawili ni makanisa ya parokia ya enzi za kati, yenye mnara na makaburi kuzunguka, jamaa ya Blythburgh kwa kila hali. Misheni hiyo ndiyo iliyofika Magila, hapo kwenu karibu na Muheza. Kwa hiyo sala ulizozijua Muheza zilipita kwanza kwenye vinywa vya watu waliosalia katika makanisa ya namna ile.

Kisheria nako, mwenyeji. Siyo Blythburgh, huko unatembea tu kilomita 45. Ni parokia unayolala, huko Ipswich. Karibu kila inchi ya Uingereza iko ndani ya parokia fulani, na nyumba yako iko ndani ya moja hata kama hujawahi kuingia kanisani kwake. Kwa kuishi humo tu una haki ya kufungia ndoa katika kanisa hilo, ingawa raia wa kigeni ana hatua za ziada za kupitia kwa msajili wa serikali, na ya kuzikwa kwenye uwanja wake kama bado una nafasi. Ukitaka zaidi, kuna daftari la wanachama wa parokia: umebatizwa, umetimiza miaka 16, unatoka kanisa lililo katika ushirika na Kanisa la Uingereza (Tanga imo), unaishi ndani ya parokia au umesali hapo miezi sita, unajaza fomu. Jina likiingia unaweza kuchagua halmashauri na hata kuchaguliwa. Na kila mwaka, kabla ya mwisho wa Mei, kuna mkutano wa kuwachagua wazee wawili wa kanisa, ambapo hata mkazi wa parokia aliyeandikishwa kupiga kura za serikali za mitaa ana kura. Mtanzania anayeishi huku kihalali anaweza kuandikishwa, kwa kuwa ni raia wa Jumuiya ya Madola. Wauguzi wengi wa Kiafrika ninaowafahamu hawajui hilo, na parokia nyingi zinatafuta mzee wa kanisa mpaka zinachoka.

Ukirudi Blythburgh, nenda mchana wenye jua, chukua darubini, hata ndogo ya kuazima. Lala kwenye benchi chali, hakuna atakayekushangaa, watu wengi hufanya hivyo. Malaika wamepangwa wawili wawili, migongo yao imegusana, mmoja anatazama mashariki na mwenzake magharibi. Tafuta kwenye mbawa vitobo vidogo vya mviringo. Halafu, kabla hujatoka, rudi kwenye mabenchi umtafute yule mnafiki, uone macho yake yanaangalia wapi.